Vitu Alivyoviacha Injinia

Kompyuta ya ofisi ya maji pale Mabira ilikuwa inaamka kama mtu aliyelewa rubisi jana usiku. Unamwita, anaguna. Unamwita tena, anageukia upande wa pili. Kokugonza, karani wa ofisi hiyo, alikuwa anabonyeza swichi, anafagia, anafuta meza, anatoka kusalimia watu wa mashine ya kusaga, na akirudi anakuta kioo bado kimetoa macho bila kuona kitu.

Na mashine hiyo ya kusaga ndiyo iliyokuwa roho ya kompyuta. Miaka hiyo ya tisini umeme wa nguzo ulikuwa bado hadithi kwetu. Mzee Kashaija, mwenye mashine na mwenyekiti wa kamati ya maji, alikuwa amefunga jenereta kwa mkanda kwenye injini yake, akavuta waya hadi ofisini. Akina mama wakileta mahindi, injini inanguruma na kompyuta inapata moto. Mahindi yakiisha, injini inazimwa, na kompyuta inakata roho. Siku nyingi ilikuwa inamaliza kuamka wakati mama wa mwisho anajitwisha unga wake kwenda zake.

Kokugonza akaanza kuwabembeleza watu. "Mama, si ukoboe kwanza ndiyo usage?" "Dada, mahindi yako hayajalainika, hebu yarudie." Wengine walimhurumia, wengine walimwona ameanza kuchanganyikiwa. Mzee Kashaija naye ikabidi amwage dizeli yake kuendesha injini tupu ili binti apate kuchapa barua moja.

"Ninasaga hewa," alikuwa akilalamika kwa kila mpita njia. "Mzee mzima, ninasaga hewa."

Sasa nikwambie jambo ambalo Mabira nzima haikulijua. Kompyuta haikuwa na ugonjwa wowote, na Kokugonza aliijua dawa yake vizuri sana.

Aliyekuwa akiitumia kabla yake ni Injinia Yustus, kijana mrefu, mpole, mwenye kutafuna kahawa kutwa nzima, aliyekuja kupima mabomba ya kuteremsha maji kutoka mlimani. Alijaza humo programu zake za kazi. Moja ya kuchora mabomba, moja ya kukokotoa msukumo wa maji, na moja ya kukagua kama zile nyingine zina leseni. Zote zilikuwa na tabia ya kuamka zenyewe kila kompyuta inapowashwa, hata kama siku hiyo mtu anataka kuchapa tangazo la kikao tu. Zinaamka, zinasukumana, zinatafuta kazi ambayo haipo.

Siku alipohamishiwa Bukoba, Yustus alimwita Kokugonza mezani. "Koku, hizi zangu ni nzito. Zikikusumbua, fungua hapa, toa alama hizi, zima, washa. Basi." Kokugonza alikuwa anakiangalia kile kidole chake kirefu, lakini masikio yalikuwa wazi. Alishika kila neno. Kisha Yustus akasema "Nitarudi," akapanda lori la kahawa, akaenda, na miezi ikapita hajarudi.

Jioni ngapi walikaa wote wawili humo ofisini, Yustus akichora, Kokugonza akijifanya anangoja kufunga mlango. Hakuna aliyemwambia mwenzake lolote. Kokugonza alimpenda yule mtu mpaka akajichukia, na alipoondoka alipekua ofisi nzima akitafuta alichosahau. Hakukuta hata leso.

Shangazi yake Anonciata, aliyekuwa akiishi naye, alilichukulia jambo hilo kwa uzito.

"Marehemu mume wangu Polikarpi aliacha mwavuli kwa baba yangu," alimwambia. "Mama akataka kumpelekea. Mimi nikauficha nyuma ya gunia la maharage. Akarudi kuuulizia, akarudi tena, mara nyingine akaja na wazee wake. Huyu wako ameacha nini?"

"Programu, shangazi."

"Zinafichika?"

"Hazifichiki. Ila zikibaki mahali pake, kila asubuhi jina lake linatokea kwenye kioo."

Ni kweli. Ile ya leseni ndiyo iliyokuwa zembe kuliko zote, lakini ikimaliza ukaguzi wake ilitandaza jina la Yustus katikati ya kioo, herufi kubwa. Kokugonza aliliangalia mpaka likafutika, ndipo akaanza kazi.

"Basi usiziguse," shangazi akasema, na mambo yakawa yamekwisha.

Mambo yaliharibika siku wageni wa kanisa, wale wafadhili wa mabomba, walipokuja kuuona mchoro. Mzee Kashaija alivaa koti. Kokugonza akawasha. Wageni wakakaa, wakanywa chai, wakaimaliza, wakatazama dari. Mahindi yakaisha, dizeli nayo ikaisha, na kompyuta ikazimika palepale jina la Yustus lilipotokeza. Wageni wakaaga kwa adabu, wakaahidi kupita tena wiki ijayo.

Mzee Kashaija alilivua koti polepole. "Kesho nakwenda parokiani kumwita Injinia kwa redio ya upepo. Aje aitengeneze. Akishindwa, turudi kwenye taipureta."

Kokugonza alichukua ufagio akafagia sakafu aliyokwisha kuifagia. Alikuwa na furaha na alikuwa na hofu, vyote pamoja. Mtu wake anakuja, lakini anakuja kufungasha. Akishaondoa vitu vyake, nini tena kitamrudisha Mabira?

Yustus alifika na lori lilelile, vumbi hadi kwenye nyusi. Akawaamkia wazee, "Shikamoo mzee, shikamoo mama," akawapa akina mama wa foleni mkono mmoja mmoja, halafu akamwambia Kokugonza "Hujambo Koku" akiwa amesahau kumpa mkono. Akaketi, akawasha, akangoja kama walivyongoja wengine. Kisha akacheka.

"Masikini, hii ya kuchora bado inaitafuta ile mashine ya ramani niliyoondoka nayo. Kila asubuhi inaitafuta."

Akatoa alama moja, nyingine, na ya mwisho. Akazima, akawasha. Kompyuta iliamka kabla Mzee Kashaija hajameza mate ya kahawa aliyokuwa anatafuna. Kioo kilikuwa cheupe, safi, hakina jina la mtu. Mzee alitoka mbio kuwaita akina mama waje kushuhudia.

Yustus akageuka. "Lakini Koku, hili si nilikuonyesha?"

"Ulinionyesha."

"Ukasahau?"

"Sikusahau."

"Sasa mbona..."

Hapo hasira ya miezi yote ikampanda Kokugonza, na aibu ikamkimbia. "Kwa sababu hukuacha kitu kingine. Hukuacha hata leso, Yustus. Ungekuwa umeacha mwavuli ningeuficha. Nilibaki na hizo takataka zako, nimezilinda, nimetukanwa kwa ajili ya hizo, na wewe umekuja umezing'oa hata chai hujanywa. Haya, nenda. Huna tena cha kurudia."

"Mwavuli gani?" Yustus akauliza.

"Wa Polikarpi," ikajibu sauti ya shangazi Anonciata dirishani, ambako alikuwa anajifanya anachekecha unga.

Kwa mabomba Injinia alikuwa mwepesi, lakini kwa mambo haya alichelewa kuamka kuliko hata ile kompyuta. Kokugonza alimwona akiangalia kioo, akiangalia mkoba wake, akimwangalia yeye. Kisha akavuta kiti karibu na meza.

"Ipi ilikuwa inachelewesha zaidi?"

"Ya leseni," Kokugonza akasema, machozi yakimlengalenga. "Ile yenye jina lako."

Yustus akairudishia alama yake.

Mzee Kashaija akaingia na kundi la akina mama. "Tazameni sasa mambo ya kitaalamu. Injinia, izime uiwashe." Yustus akazima, akawasha. Watu wakangoja. Wakangoja tena. Mama mmoja akaketi kwenye ndoo yake. Mwishowe jina likatokeza katikati ya kioo, herufi kubwa.

"Mbona imelala tena?" mzee akauliza.

"Imebaki moja, mzee. Nitakuwa nakuja kuiangalia."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nitakapokuja na wazee wangu."

Mzee Kashaija alimtazama yeye, akamtazama Kokugonza, akaelewa dizeli yake ilikuwa inakwenda wapi muda wote huo. Huko nje injini ilianza kupungua sauti, mahindi yalikuwa yanaisha.

Shangazi Anonciata akajitwisha debe lake la unga, uliokwisha kusagwa tangu asubuhi, akaenda kulimimina kwenye mashine.

"Saga tena," akasema.