Kocha Amechelewa

Birthe, mke wa kocha wetu Regnar Toft, alifariki Jumapili asubuhi akianika nguo nyuma ya nyumba. Regnar alikuwa jikoni anasikiliza redio. Alipotoka kumwambia kahawa iko tayari, akamkuta amelala kwenye nyasi na shuka mbichi imemfunika miguu. Haya alinieleza mwenyewe kwa simu, kwa sauti ileile aliyozoea kunitajia nani ameteguka na nani atacheza.

"Vibeke, Birthe amekufa. Daktari yupo hapa. Mazoezi ya Jumanne yako palepale."

Nilikuwa msaidizi wake katika timu ya wanawake ya mpira wa mikono, kwenye mji wetu mdogo wa pwani, magharibi mwa Jutland. Jumamosi iliyokuwa inakuja tulikuwa na mechi ya mwisho wa msimu, na tusiposhinda tunashuka daraja.

"Regnar, kaa nyumbani," nikamwambia. "Mazoezi niachie mimi."

"Nikae nyumbani nifanye nini?"

Nikamwambia basi, tuonane Jumanne.

Jumanne niliwakusanya wasichana mapema nikawaonya: kocha akija, asiulizwe kitu, asikumbatiwe, tucheze tu. Wakaanza kupasha misuli moto bila hata mmoja kutania. Muda wa kuanza ukafika, ukapita, Regnar haonekani. Nilikuwa nimeshapanga koni mwenyewe mlango ulipofunguka akaingia, mfuko wa mipira begani, fulana ameivaa ndani nje.

Mtu asiyemjua Regnar hawezi kuelewa kwa nini tuliduwaa. Alikuwa na sheria moja aliyoipenda kuliko zote: anayechelewa anaoka keki ya timu nzima. Hakuna udhuru. Mwenyekiti wa klabu aliwahi kuoka. Mimi nimeoka mara nyingi mpaka naona haya kutaja. Regnar mwenyewe hakuwahi, kwa miaka yote niliyomjua.

Malou Bjerre, nahodha wetu, alikuwa dereva wa lori la maziwa, na sauti yake haikujua kunong'ona. Akaushika mpira uliokuwa ukidunda mikononi mwake.

"Kocha, umechelewa."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Regnar akainua macho kwenye saa ya ukutani, akaitazama kama mtu anayesoma kibao cha mji asioujua.

"Nimechelewa," akasema.

"Basi keki."

"Malou, una wazimu?" Trine, mlinda lango, akamvuta mkono.

"Niache. Sheria aliitunga nani? Mwaka jana nilichelewa nikitoka hospitali na mtoto, na nikaoka."

"Keki yenyewe ilikuwa mbaya," Regnar akasema.

"Lakini uliila."

"Niliila." Akatua mfuko wa mipira chini. "Haya. Alhamisi." Akapuliza filimbi.

Kesho yake jioni akanipigia simu kuniuliza tanuri linawashwaje. Nikaenda. Koti la Birthe lilikuwa bado limening'inia kwenye kiti cha jikoni, na Regnar alikuwa akilizunguka kila alipopita, bila kuligusa. Mezani kulikuwa na unga, mayai, nazi na pakiti tatu za siagi. Nikakunja mikono ya shati.

"Wewe kaa," akaniambia. "Aliyechelewa ni mimi. Nisomee tu."

Nikamsomea. Alipima unga kwa uangalifu mkubwa, akauchanganya, halafu akasimama mbele ya kioo cha tanuri akiangalia ndani.

"Unajua ganzi ya daktari wa meno?" akaniuliza bila kugeuka. "Jino limeshang'olewa. Unapapasa pengo kwa ulimi, unalikuta, lakini mdomo kama si wako. Ndivyo nilivyo tangu Jumapili. Nangoja iume. Haiumi."

"Itakuja."

"Watu wananiletea maua, wananiambia nipumzike. Nachukua maua, nayaweka kwenye maji. Nasema asante. Halafu nasimama tu." Akainamia kioo. "Juu inageuka nyeusi, ni sawa hivyo?"

Haikuwa sawa.

Alhamisi asubuhi alikuwa na ahadi nyingine. Kiwanda cha madirisha kilichodhamini jezi zetu kilimwalika kila mwaka azungumze na wakuu wa idara juu ya uongozi na mafanikio. Mkurugenzi, Flemming Overby, alimpigia kumwambia aahirishe. Regnar akajibu kwamba tarehe iko kwenye kalenda, na akaomba nimwendeshee gari.

Hotuba ile niliijua kwa moyo. Kuwa na lengo moja. Nidhamu kwanza. Kiongozi lazima ausikie moyo wa timu kabla timu haijausikia. Pale kwenye moyo alikuwa akijipiga kifuani, na watu wakipenda. Safari hii alisimama mbele yao na kikombe cha kahawa, akakitazama mpaka watu wakaanza kuangalia viatu vyao.

"Mwaka jana niliwaambia kiongozi anatakiwa ausikie moyo wa timu," akasema hatimaye. "Mimi kwa sasa sisikii kitu. Naweza kuwaambia jambo moja tu lililotokea. Juzi nilichelewa mazoezini. Msichana mmoja akaniambia nioke keki. Wiki hii kila mtu ameniambia nisifanye kitu. Yeye peke yake ndiye aliyenidai kazi. Jana nikaoka."

Bwana mmoja wa idara ya mauzo akainua mkono. "Na hilo, Regnar, tulichukue kama somo la mafanikio?"

"Sijui. Keki imeungua."

Hakuna aliyejua kama inafaa kucheka. Overby akaanza kupiga makofi, wengine wakafuata polepole, nasi tukaenda zetu. Ndani ya gari Regnar aliniuliza kama amesema vizuri. Nikamwambia amesema kweli. Akageukia dirishani mpaka tulipofika kwake.

Jioni ile tulikula keki. Juu ilikuwa makaa, katikati ubichi mtupu. Malou alitafuna kwa muda mrefu, kila mtu akimtazama.

"Si mbaya," akasema. Kwetu sisi hakuna sifa kubwa kuliko hiyo, na ilikuwa uongo mtupu. Trine akakohoa makombo, mtu akacheka, halafu wote wakacheka. Regnar aliwatazama mmoja mmoja kwa makini, kama anayejaribu kukumbuka jambo hilo hufanywaje, akawakatia vipande vingine.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Tulicheza vizuri kuliko tulivyocheza msimu mzima, na dakika ya mwisho ilipoanza matokeo yalikuwa sare, mpira wetu. Regnar, aliyekaa mwisho wa benchi muda wote akiniacha nielekeze, akainuka na kuweka kadi ya kijani juu ya meza ya waamuzi kuomba mapumziko. Wasichana wakamzunguka huku wakihema. Huu ndio ulikuwa wakati wake. Mechi nyingi alikuwa ameziokoa kwa sentensi mbili tu hapo.

"Naona watu wanakimbia," akasema. "Zaidi ya hapo sioni. Malou, wewe unaona nini?"

Malou akameza mate. "Beki wao wa kushoto amechoka. Anachelewa kurudi. Nipeni mpira pale, nitaruka."

"Fanyeni hivyo."

Wakafanya hivyo. Malou aliruka juu ya yule beki kama alivyosema, na mpira ukagonga mwamba. Ukarudi mikononi mwa winga wao, akakimbia peke yake mpaka langoni, akafunga. Kengele ikalia.

Wasichana walilia pale pale sakafuni. Regnar alipita akiokota chupa za maji. Alipofika kwa Malou akachuchumaa.

"Nimetushusha daraja, kocha."

"Uliona sawasawa. Njia ilikuwa wazi. Mimi ningeulizwa nisingekuwa na la kujibu." Akampa chupa. "Kunywa."

Tulimzika Birthe wiki iliyofuata. Regnar aliwaomba wasichana walibebe jeneza pamoja na kaka zake Birthe, na Malou ndiye aliyehesabu wakati wa kuinua. Regnar alitembea nyuma yao macho makavu. Wakati wa kahawa nilimsikia mama mmoja akimwambia mwenzake kwamba mtu yule ana moyo wa jiwe. Nilimmiminia mama huyo kahawa mpaka ikafurika kwenye kisahani, nikamwomba radhi.

Klabu haikumfukuza, ingawa wapo waliotaka. Aliwatangulia. Mwezi wa sita alimwambia mwenyekiti kwamba timu iwe yangu, yeye abaki kuwa msaidizi, kama nitamtaka. Nilimtaka. Akawa mtu wa koni na mipira, wa kukaa na wasichana walioumia. Kila nilipomuuliza jambo alinirudishia: "Wewe unaona nini?" Mwanzoni ilinikera. Baadaye nikajikuta nawauliza wasichana hivyohivyo.

Siku moja ya Oktoba, mvua inapiga paa la ukumbi, alinijia katikati ya mazoezi. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Vibeke, imeanza."

"Nini?"

"Kuuma. Nilikuwa dukani, kwenye jibini. Nikasimama nikimngoja Birthe achague."

"Inauma wapi?"

Akafikiri. "Kote."

Nikamwambia akae. Akakaa kwenye benchi, mikono juu ya magoti, mabega yakimtikisika. Trine akatoka langoni akaenda kukaa upande mmoja, Malou upande wa pili. Nikamtuma msichana mwingine akae langoni, tukaendelea na mashambulizi ya pembeni.