Mkanda wa Mashine ya Baridi

Mlango wa chumba cha chini ulifungwa saa mbili asubuhi, na mdogo wake fundi alikuwa bado nje.

Miaka hiyo, baada ya saa mbili upepo ulivuma wa moto hadi jioni, na aliyekutwa nje hakumaliza saa nzima. Mtaa mzima, watu thelathini na wanane, walishinda chini ya ghala la zamani wakipozwa na mashine moja kuukuu. Fundi ndiye aliyeitunza, na sheria ya mlango aliitunga yeye: ukishafungwa, haufunguliwi. Mtaa wa pili walimfungulia mtu mmoja wakati mashine yao imelegea. Joto lililoingia halikutoka tena. Walizikwa kumi na tisa.

Alfajiri mkanda wa mashine ulianza kuchanika. Fundi akamtuma mdogo wake stoo ya vipuri, akamtajia namba kwa kichwa, maana kusoma ni kazi ya wanafunzi. Mkanda ulioletwa haukuingia. Fundi akaufuta grisi ule wa zamani, akasoma namba yake, akaona amekosea yeye. Lakini watu walikuwa wanatazama. Akamfokea mdogo wake kwamba hasikii, hata akitumwa chumvi ataleta majivu, kisha akamwandikia namba sahihi kiganjani. Mdogo mtu akarudi stoo.

Saa mbili na nusu mlango uligongwa.

"Kaka, nimefika. Safari hii ndio wenyewe."

Fundi akashika komeo, kisha akaliachia. Nyuma yake mashine ilikuwa inahema kama mgonjwa. Mama yao alikuwa kwenye benchi, amepakata mtoto wa jirani.

"Upitishe kwenye bomba la maji machafu," fundi alimwambia mdogo wake. "Nikiufunga, hewa ikipoa, nafungua. Nusu saa."

Mdogo wake akacheka. "Nusu saa zako nazijua. Kuezeka choo ulisema siku mbili, tukamaliza mwezi."

Mkanda ukatokeza, wa moto kama kikaango. Fundi akapiga magoti, akaweka mdomo kwenye bomba.

"Ile namba nilikosea mimi. Sio wewe."



"Najua, kaka. Nilikusikia vizuri tangu mwanzo. Funga mkanda."

Nati moja ilikuwa imeshika kutu. Ilimla dakika ishirini peke yake. Mashine ikakohoa, ikashika, na mshale wa joto ukaanza kushuka, lakini kwa kujivuta. Fundi aliita kwenye bomba mara tatu. Mara mbili aliitikiwa.

Alipofungua, mdogo wake alikuwa amekaa chini, mgongo ukutani, shati amejitanda kichwani.

Sheria ilikataza kuingiza maiti ndani, kwa sababu ya joto lake. Fundi alimbeba mgongoni akashuka naye ngazi, na watu wakampisha. Mama yao akasogea kwenye benchi, akampa mwanawe mdogo nafasi.