Lori Lililotoka Saa Tisa Usiku

Siku ile mjinga alikuwa Olweny, tena mjinga peke yake, hakuna wa kumsaidia kubeba. Fundi wa kompyuta kutoka Tororo, cheti ukutani, maneno tele mdomoni. Oundo, msimamizi wa yadi ya malori ya Busia, alipompigia simu kumuuliza kama rekodi za geti ni za kuaminika, Olweny alijibu huku anatafuna:

"Bosi, anayedanganya ni mtu. Kompyuta haidanganyi."

Oundo hakuhitaji zaidi. Alikata simu akaenda kutafuta mtu wa kupiga.

Mtu mwenyewe alikuwa Matayo, askari wa geti wa zamu ya usiku. Lori lililojaa mafuta ya kupikia lilikuwa limetoweka yadini. Ndani ya ofisi kulikuwa na seva, na ndani ya seva programu inayoandika yenyewe kila lori linaloingia na kutoka. Programu hiyo ilikuwa imeanguka, imegoma kufanya kazi, lakini kabla ya kuanguka iliacha mstari mmoja wa mwisho kwenye skrini: lori lile limetoka, 3:10. Saa tisa na dakika kumi za usiku. Zamu ya Matayo. Oundo na madereva wakamfuata kwake Dabani, wakamng'oa kitandani, wakamleta kwa bodaboda amebanwa katikati ya wanaume wawili kama mbuzi wa mnada.

Olweny alipofika jioni kufufua programu, alimkuta Matayo kwenye tope, jicho moja limefumba, shati limekuwa wekundu mtupu. Oundo alikuwa akimpiga buti za mbavu, anapumzika, anapiga tena. Madereva walikuwa na mikanda ya injini, na kila mkanda uliposhuka ulitoka na ngozi.

"Sema umeuza kwa nani!"

"Sijafungua geti mimi," Matayo alisema, akatema jino.

Osborn, mwendesha bodaboda ambaye hata lori hakuwa nalo, alikuwa keshaviringisha tairi kuukuu. Mkononi ana dumu la petroli.

Phiona, karani wa yadi, alimkamata Olweny mkono akamvuta ofisini. "Kaka, harakisha. Nimewaambia wangoje fundi, wanasema kompyuta imeshasema. Watamchoma."

Olweny akawasha programu. Ikainuka, ikaanguka. Akawasha tena. Ikaanguka. Akazima seva yote akaiwasha upya, maana fundi akiishiwa akili huo ndio ujuzi unaobaki. Ikaanguka. Nje, Matayo alipiga yowe moja refu, kisha sauti ikakatika katikati.

Hapo ndipo Olweny alipofanya alichopaswa kufanya tangu mwanzo: akafungua faili lenyewe ambamo programu inaandika, akasoma kuanzia chini. Mstari wa mwisho, 3:10. Wa juu yake, 8:41. Tarehe ileile.

Akausoma mara ya pili. Siku gani hiyo inayofika saa mbili asubuhi halafu inarudi saa tisa usiku? Programu nayo ilikuwa haiwezi kuvumilia rekodi yenye saa iliyo nyuma ya ile iliyotangulia. Badala ya kulalamika kama mtu mwenye adabu, inakufa.

"Phiona, asubuhi kulitokea nini?"

"Ile mvua ilikata umeme. Uliporudi, kompyuta ikaniuliza ni saa ngapi. Si nilikupigia?"

"Nikasemaje?"

"Ukasema andika tatu na dakika tano. Nikakuuliza, tatu tu? Ukasema, dada, tatu ni tatu, chai yangu inapoa."

Olweny alikuwa ameitajia mashine saa kama anavyomtajia shangazi yake. Mashine huhesabu kuanzia usiku wa manane. Ilitaka tisa, yeye akaipa tatu. Lori halikutoka saa tisa usiku. Lilitoka saa tatu asubuhi, peupe, watu wakinywa chai.

Akatoka mbio. "Si yeye! Saa imekosewa!"

Mkanda wa injini ukampata shavuni, akaanguka mlangoni. Kiatu cha mtu kikapita juu ya vidole vyake. Matayo alikuwa keshamwagiwa petroli, anapapasa macho. Osborn alikuwa anatafuta kiberiti mfuko hadi mfuko.

Olweny akarudi ndani kwa magoti, akaikumbatia skrini, akaivuta mpaka waya ulipokaza kizingitini. Akaiinua juu, damu ikimchuruzika shingoni.

"Toeni simu zenu! Simu inasema ngapi?"

Phiona akapaza sauti yake yote: "Osborn! Acha kiberiti, toa simu! Soma!"

Osborn, kwa kuzoea tu kutumwa na wanawake, akatoa simu. "Kumi na sita na ishirini."

"Na hii kompyuta?"

"Kumi na ishirini."

Ndiyo maana siku nzima hakuna aliyeshtuka: namba ya kwenye kioo ilikuwa ileile ya midomoni mwao.

"Iko nyuma saa sita!" Olweny alipiga kelele. "Lori limetoka saa tatu asubuhi! Saa tatu asubuhi nani alikuwa getini?"

Vichwa vikageuka kimoja kimoja, vikamfikia Oundo.

"Mvua ilikuwa kubwa," Oundo alisema, akirudi nyuma. "Dereva alipunga karatasi. Nikafungua tu."

Kofi la kwanza lilitoka kwa Osborn, kama kawaida yake. La pili lilimwangusha Oundo kwenye tope lilelile. Mtu akaanza kuliviringisha tairi upande wa pili.

"Niacheni!" Oundo alifoka, akimnyooshea Olweny kidole. "Wa kupigwa ni huyu! Si ndiye aliyetaja saa?"

"Mimi nimetaja saa, sikufungua geti!"

"Ulisema kompyuta haidanganyi!"

"Nilisema. Nikasema pia umpige mtu?"

"Ningejuaje? Kompyuta iliandika usiku!"

Phiona alikuwa amepiga magoti, anamwagia Matayo maji usoni. Madereva wakaanza kubishana, huyu anasema fundi, yule anasema msimamizi. Oundo akaona mlango wa kuponea.

"Jamani, sisi wote tumekosewa," akasema, sasa kwa sauti ya kanisani. "Kosa ni la kompyuta. Tuseme hivyo, yaishe."

Matayo akajiinua kwa kiwiko. Akatema damu, akamtazama kwa lile jicho moja lililobaki.

"Oundo," akasema, "kompyuta haivai buti."