Kamisheni ya Kinyua

Johana Chepyegon alikuwa na duka la vyuma pale Fort Ternan, karibu na reli. Aliuza misumari, karai na plau za kukokotwa na ng'ombe. Lakini plau haziuziki kwa kukaa dukani. Aliyeziuza hasa alikuwa Kinyua, Mgikuyu aliyeletwa huku na wazazi wake angali mtoto. Kinyua alipanda vilima vya Sigowet kwa miguu, akawaonyesha wakulima namna ya kushika mpini, akala nao kimyet, ugali wa huko, akalala kwao. Mshahara hakuwa nao. Walipatana kamisheni: mkulima akivuna mahindi na kumaliza kulipa, Kinyua naye apate sehemu yake.

Mwaka wa 1953, mahindi yakiwa bado mabichi, amri ya serikali ya kikoloni ilitoka, kwa hofu ya uasi wa Wagikuyu, kwamba wote warudishwe kwao. Kinyua akaambiwa afunge mizigo, yeye na mkewe Nyathira na watoto. Gari moshi lingewachukua kesho yake.

Akaja dukani.

"Mzee Johana, nimefuata kamisheni yangu."

Johana hakuinua macho. "Kamisheni hulipwa mkulima akimaliza kulipa. Hawajavuna."

"Najua. Basi nipe nusu, nyingine utanitumia."

"Nitume wapi? Na wasipolipa? Anayeacha kazi huacha na madai yake."

"Mimi sijaacha, naondolewa. Na hata kama ningeacha, kazi nilishaifanya. Plau si ziko shambani zinalima?"

Pesa zilikuwepo, ndani ya kopo chini ya kaunta. Johana alijua pia kwamba Kinyua hana pa kushtaki. Mwaka ule nani angemsikiliza Mgikuyu? Wazo hilo ndilo lililompa nguvu ya kukataa. Akampimia sukari kidogo, akaifunga kwenye karatasi.

"Mungu awatangulie," alisema.

Kinyua akaiacha sukari juu ya kaunta, akatoka.

Mavuno yalipofika, wakulima walikuja kulipa na hakuna aliyekosa. Kila mmoja alimuulizia Kinyua. Yunia, mjane wa Sigowet, alileta na kuku.

"Huyu ni wa Kinyua. Kipande changu cha kwanza cha shamba alikilima yeye. Utamfikishia, mwanangu?"

"Nitamfikishia, mama."

Kuku akafugwa, akataga, akaangua. Johana hakuonja hata yai. Kanisani alipoombwa kuongoza sala, alisingizia kikohozi. Mkewe, Chelangat, alimvumilia hadi akachoka.

"Kama ni mali ya mtu, mpe."

"Sijui aliko."

"Alipokuwa amesimama mbele yako ulijua aliko."

Johana akatuma pesa kwa posta, kwa jina la Kinyua, mahali alipodhani ndipo kwao. Zikarudi. Akatuma tena. Zikarudi.

Mwaka wa 1959, watu walipoanza kuruhusiwa kurudi, Kinyua mwenyewe akaingia dukani, amekonda, mvi zimemjaa. Johana alifunga mlango, akazileta pesa zote na nyingine juu yake. Kinyua akatenga iliyokuwa kamisheni yake, iliyobaki akamsukumia.

"Hii si yangu."

"Ni ya kosa langu, Kinyua. Nisamehe."

"Nimekusamehe. Lakini siwezi kukuuzia msamaha. Tulifika kule tukatiwa ndani ya senyenge, hatuna kitu. Nyathira aliuza shuka la kumfunikia mtoto, tukapata unga. Wakati ule ndipo nilipokuhitaji, mzee."

Johana akafuta macho kwa mkono wa shati. "Rudi kazini. Nitakupa mshahara wa kila mwezi."

"Nimeshapatana na Makori, mwenye duka la Sigowet. Nilimwambia mbele ya mashahidi: hata nikiondoka kesho, nilichouza kamisheni yake ni yangu. Akakubali bila maneno mengi."

Akaaga, akaenda zake.

Jumapili walikutana nje ya kanisa. Kinyua alimpa mkono, akawaulizia watoto wake kwa adabu, kama mtu anavyomuuliza mgeni asiyemjua vizuri. Johana akajibu kwamba hawajambo. Alitaka kuongeza neno, lakini Kinyua alikuwa ameshageuka, anacheka na watu wa Sigowet. Chelangat akamshika mumewe mkono, wakateremka nyumbani polepole.