Maji ya Kwanza

Mjukuu wangu wa kike alikuja Jumamosi mchana, akaniamkia akiwa bado amesimama, begi begani. Mimi nilikuwa mkekani nachambua maharage, mabovu nayatupa kwenye kifuniko cha sufuria, mazima nayaacha kwenye ungo. Nikamwitikia marahaba, nikamwambia aketi. Hakuketi. Hapo nikajua kuna jambo, maana huyu mtoto tangu mdogo akiwa na habari mbaya husahau kukaa.

"Bibi," akasema, "Bibi Mdogo bado anakunywa ile dawa?"

Bibi Mdogo ni wifi yangu, dada wa marehemu mume wangu. Tunaishi naye nyumba moja, wajane wawili.

"Amekunywa leo asubuhi," nikamjibu.

"Asinywe tena, Bibi. Hata tone."

Mjukuu wangu anafanya kazi maabara, mahali wanapochunguza miti na majani kujua kipi kinatibu na kipi kinadanganya. Wifi yangu humwita Daktari wa Panya, kwa kuwa siku nzima yuko na panya weupe. Miaka miwili nyuma aliniomba mizizi ya mkunjauso. Ni kichaka tu, kinaota nyuma ya nyumba za watu, nasi tumekiita hivyo kwa sababu hakuna anayekinywa uso usikunjamane. Sisi tunakitumia kwa ugonjwa wa sukari. Mume wangu alikinywa miaka tisa, na wifi anakinywa mwaka wa sita sasa.

Basi mjukuu akachukua mizizi ile kwenye mifuko ya karatasi, kila mfuko kauandika tarehe na mahali ulipochimbwa mzizi. Akaniuliza inapikwaje. Nikamwambia unachemsha, unakunywa kikombe kimoja asubuhi. Akaandika hivyo hivyo. Mwanzoni habari zilikuwa njema, panya wenye ugonjwa huo sukari ikawashuka, hata Profesa, mkubwa wake wa kazi, akaniletea salamu. Kisha wakawanywesha kwa muda mrefu, miezi mitatu, wakawapasua. Panya kumi na wawili walikunywa. Tisa maini yao yalikuwa yamevimba na kuingia madoa.

Niliendelea kuchambua maharage. Nilipotazama kifunikoni nikaona natupa mazima.

Mume wangu alikufa miaka minane iliyopita kwa ini. Macho yake yaligeuka manjano kama kiini cha yai, kisha mikono, kisha hata kucha. Kila kikombe alichokunywa kilitoka mkononi mwangu, ndivyo nilivyoamini siku ile. Mjukuu alikaa, hatimaye, akaanza kunisaidia kuyaokota yale mazima.

Wifi aliporudi tukamweleza. Akacheka mpaka akashika ubavu. Akasema kama nimemlisha sumu miaka sita na bado anakula sahani mbili, basi hata kuua sijui. Huo ndio utani wetu, miaka yote. Siku hiyo haukushuka kooni.

Jumatatu akapelekwa hospitali, akatolewa damu ipimwe ini. Majibu siku tatu. Siku tatu hizo kila akipita dirishani namkagua weupe wa macho. Nikimpa chai namtazama viganja. Mwisho akachoka.

"Wifi, hebu tafuta mume mwingine umtazame hivyo," akaniambia. "Mimi nimeshazeeka."

Majibu yakaja. Ini lake safi, daktari akasema la msichana. Nilipumua, lakini pumzi ile haikufika mbali. Mjukuu alikuwa amekunja uso kuliko mnywa dawa. Aliniambia haielekei. Panya walipewa kwa kadiri ya uzito wao, wakaoza maini kwa miezi mitatu, na mtu mzima aliyeinywa miaka sita hana hata doa. Profesa akaagiza niende mwenyewe nikapike mbele yao.

Nilikwenda na sufuria yangu nimeifunga kwenye kitambaa, maana vyombo vyao vya kioo sikuviamini. Wakanivika koti jeupe, mikono mirefu, mjukuu akanikunjia mara mbili. Kulikuwa na mizani inayopima hata unywele, jiko la umeme lisilo na moto wa kuonekana, na sinki refu la bati. Profesa ni mtu mwembamba, mpole, anaongea kama anayeogopa kumwamsha mtoto. Akaniomba nifanye kama nyumbani, nisimjali mtu.

Nikaosha mizizi bila kuimenya. Nikaivunja kwa urefu wa kidole, nikaifunika kwa maji, nikawasha. Ikachemka, ikatoa lile povu la kahawia kama la sabuni ya kufulia. Nikashika sufuria kwa kitambaa, nikaenda sinkini, nikamwaga.

Kalamu ya mjukuu ilisimama.

"Bibi, umemwaga dawa."

"Sijamwaga dawa. Nimemwaga maji ya kwanza. Dawa ni maji ya pili."

"Hukuniambia."

"Mama, nani asiyejua kumwaga maji ya kwanza?"

Niliona aibu jinsi walivyonitazama. Mimi sikuambiwa na mtu. Nilimwona mama yangu akimwaga, naye alimwona wake. Ukimwelekeza mtu kupika wali humwambii kwamba afunue sufuria kabla ya kupakua. Profesa hakucheka. Alileta chupa mbili, akaniomba nipike tena, safari hii nisimwage sinkini bali humo. Moja akaiandika Kwanza, ya pili akaiandika Pili. Akasema watawapa panya wengine, kumi na wawili kwa kila chupa, na watasubiri miezi ile ile mitatu.

Miezi mitatu kwa mzee si kidogo. Niliiombea ile chupa ya Pili kama mtu anavyomwombea mgonjwa. Ikitoka safi, mkono wangu umetoka safi. Ikitoka na doa, basi nilimuua mume wangu kikombe kwa kikombe, huku namwambia pole, maliza yote. Simu ikilia nilikuwa natazama jina kwanza. Kama si mjukuu, naiacha ilie. Wifi aliacha utani wa sumu bila kuambiwa. Dawa hakunywa, alimeza vidonge vya hospitali na kulalamika kwamba havina hata uchungu wa kumfanya mtu aamini.

Mjukuu akapiga siku ya Alhamisi, nikiwa nafagia. Nikakaa kizingitini na ufagio wangu. Maji ya kwanza yameharibu maini ya panya kumi na mmoja. Maji ya pili hayakuharibu hata moja, na sukari imeshuka, polepole lakini imeshuka. Akasema kazi bado mbichi, watu wasinywe mpaka ipimwe zaidi, lakini Profesa amefurahi sana. Akasema atakuja Jumamosi na karatasi, niandike mapishi kwa mkono wangu, hatua kwa hatua.

Wifi alipiga makofi. Akasema alijua siku zote kwamba si mimi niliyemla kaka yake, ila hakutaka kunisifu nikavimba kichwa.

Nikacheka naye. Nikainuka nimalizie kufagia. Nilipofika pembe ya jikoni, panapokaa debe la mizizi, nikaegemeza ufagio ukutani, nikakumbuka siku nilipolijaza nikasafiri.

Jumamosi mjukuu akaja. Safari hii aliketi mapema, kanyoosha karatasi mezani na kalamu juu yake. Wifi alikuwa pembeni anashona kifungo. Niliishika kalamu, nikaiweka.

"Wifi," nikasema, "nilipokwenda kumlea mwanangu alipojifungua, kaka yako alijipikia."

"Miezi mitano," akasema. "Nakumbuka."

"Nilimwachia debe limejaa. Nikamwambia unachemsha, unakunywa kikombe kimoja asubuhi."

Mjukuu aliinua kichwa. Maneno hayo anayo kwenye daftari lake.

Nikawaeleza yote. Kwamba alinipigia simu mwezi wangu wa pili huko, akanitania kwamba mkunjauso wa mwaka huu ni mkali, labda umemkasirikia kwa kuwa mkewe kamwacha. Nami nilicheka, nikamwambia mizizi ya zamani huwa hivyo, akaze moyo. Kwamba niliporudi nilikuta sufuria ina ukingo wa kahawia usiotoka hata kwa mchanga, nikaisugua huku nanung'unika wanaume hawajui kuosha vyombo. Wiki ya pili tangu nirudi, macho yake yakaanza kugeuka manjano.

Mjukuu alinishika mkono. Akasema hakuna wa kupima leo, mtu mwenye sukari ana milango mingi ya maradhi, na panya si babu. Alisema kwa upole. Lakini nilimsikiliza mpaka mwisho, na hakusema hapana.

Watu husema maji yakimwagika hayazoleki. Yangu mimi ni yale yasiyomwagika.

Wifi alikuwa ameacha kushona. Nilisubiri anitukane, na kwa kweli ningeshukuru. Nikamuuliza kitu kimoja tu.

"Ningemwambia, angemwaga?"

Alifikiri. Sindano ilibaki imening'inia kwenye uzi.

"Angemwaga," akasema. "Alikuwa mbishi kwa watu wote, lakini ulilomwambia wewe alilifanya. Hata kikombe chake, si ulimwambia kimoja? Hakuzidisha."

Hakusema kwa ubaya. Alivuta kiti chake mpaka goti lake likagusa langu, akaisogeza karatasi karibu yangu, akaishika pembe isipeperuke.

"Andika," akasema. "Na usiruke kitu. Andika kama mimi ni mjinga sijawahi kuona sufuria."

Nikaandika. Osha mizizi, usimenye. Vunja kwa urefu wa kidole. Funika kwa maji. Chemsha mpaka itoe povu la kahawia. Mwaga maji hayo yote. Ule mstari ukapinda, na mjukuu akauliza kama niandike upya kwenye karatasi nyingine.

Wifi akamwambia hapana, unasomeka.