Bwawa Lina Mlinzi

Saa mbili kasoro robo asubuhi, kama kila siku ya kazi, mlinzi wa bwawa la kuogelea aliingia ofisi ya halmashauri akichuruzika maji, akabonyeza kidole gumba kwenye daftari la mahudhurio, akatoka. Karani wa mapokezi akauzungushia duara ule unyevu kabla haujakauka, akaandika pembeni: yupo. Nyuma yake mfagizi akapitisha tambara sakafuni. Mlinzi alikuwa amekufa tangu msimu wa joto uliopita, lakini kuchelewa hajawahi.

Kilichomuua ni wavu, au tuseme kukosekana kwake. Chini ya bwawa, upande wa kina kirefu, kuna tundu ambalo pampu hunyonyea maji, na tundu hilo lilitakiwa kufunikwa na wavu wa chuma. Ule wa zamani uliliwa na kutu, ukang'olewa ili upimwe na kununuliwa mwingine, na mwingine haukununuliwa. Mlinzi alizama kumnasua mtoto aliyevutwa mguu. Mtoto akatoka, yeye akabaki. Halmashauri ilimzika vizuri tu, ikatoa na shada la maua, na Jumatatu iliyofuata akarudi kazini.

Mkewe alikuwa msomaji wa redio ya halmashauri. Mtaa mzima ulimwita Mama Matangazo, ingawa hawakujaliwa mtoto. Kila jioni saa kumi na mbili alisoma habari za eneo, kisha taarifa za usalama, kisha matukio ya msimu: barabara ipi imefungwa, mbwa yupi ameonekana akitoka povu, kwaya ipi itaimba uwanjani Jumapili. Alikuwa na sauti ya kuaminika. Watu walisema Mama Matangazo akikwambia mvua inakuja, unaanua nguo hata kama jua linakuchoma utosi.

Mwezi ule shule zilikuwa zimefungwa na joto lilikuwa halisemeki. Jumatano, kwenye karatasi za matukio, akakuta hili: Jumamosi, mashindano ya kuogelea ya watoto, kuanzia miaka sita, kiingilio bure. Akaondoka na karatasi yake mpaka kwa bwana waliyemwita Mezambili.

Huyu halmashauri ilimpa vyeo viwili ili kubana matumizi. Alikuwa ofisa wa usalama wa umma, na tena ofisa wa matukio ya jamii. Chumba kimoja, meza mbili, viti viwili, mihuri miwili. Na alikuwa mwadilifu kupindukia, maana hakuwahi kugonga muhuri wa meza moja akiwa amekalia kiti cha nyingine.

“Wavu haupo, bwana,” Mama Matangazo alimwambia. “Mwaka mzima umepita, haupo. Na Jumamosi mnawatumbukiza watoto wa watu mle.”

“Dada yangu, hata mimi usingizi sipati,” Mezambili alijibu kutoka meza ya usalama. Akaandika barua palepale, kali kwelikweli, akaigonga muhuri. Akainuka, akazunguka, akaketi kwenye meza ya matukio, akaifungua ile barua na kuisoma kwa makini. Akatikisa kichwa. Akaandika jibu, akarudi nalo kwenye meza ya kwanza, akalisoma, na mabega yakamshuka. “Wamekataa. Wanasema maandalizi yamefika mbali.”

“Basi ajirini mlinzi.”

“Mlinzi yupo.” Akamfungulia daftari. Kurasa zilikuwa zimevimba kwa maji, duara juu ya duara. “Mwaka mzima, hata siku moja hajakosa. Nafasi yenye mtu siwezi kuitangaza.”

“Amekufa! Si mlimzika nyinyi wenyewe?”

“Hilo liko kwenye faili la mazishi,” Mezambili alisema kwa upole. “Mahudhurio ni faili jingine.”

Mchana Mama Matangazo alikwenda bwawani. Mumewe alikuwa amekaa kwenye kiti chake kirefu, filimbi shingoni, maji yakimdondoka viganjani kama bomba lisilofungwa vizuri. Akampisha nafasi kwenye ngazi.

“Kesho usisaini,” mkewe alimwambia. “Nakuomba kwa jina la vyote tulivyokuwa navyo. Usiposaini, watalazimika kuajiri mtu aliye hai.”

“Nisiposaini wataniandika mtoro.”

“Umekufa, mume wangu.”

“Najua,” alisema. “Lakini mtoro sijawahi kuwa. Halafu hao watu unawajua. Kutoka leo mpaka waajiri, nani atawaangalia hawa watoto?”

“Unawaangalia tu! Kuwashika huwezi!”

Mpira wa mtoto ulikuwa umesimama karibu na mguu wa kiti. Alishuka, akainama kuuokota, na mikono yake ikapita katikati ya mpira mara moja, mara mbili, ikiacha sakafu imelowa. Akapuliza filimbi, ikatoka maji. Akapanda tena kitini, akaendelea kuhesabu vichwa majini, maana hiyo ndiyo kazi aliyobaki nayo. Mama Matangazo alilia hapohapo kwenye ngazi, kwa sauti, wala hakujifunika uso.

Ijumaa jioni ikaja karatasi ya usalama, ina muhuri: Bwawa liko salama, na lina mlinzi mwenye uzoefu wa miaka kumi na sita. Mama Matangazo akasema hasomi. Mezambili akaja mwenyewe mpaka mlango wa studio, jasho linamtoka.

“Soma, dada yangu. Nimeshamwandikia fundi bomba, alfajiri anafunga wavu. Ukisoma, taarifa inakuwa kweli kabla mtoto wa kwanza hajalowa. Usiposoma, nitasoma mimi, barua ya fundi itakosa wa kuifuatilia, na wavu hautakuwepo.”

Alimtazama usoni, akaona hadanganyi. Na tuseme ukweli, hakuwa anadanganya. Akasoma, kwa sauti ileile ya kuanulisha watu nguo.

Jumamosi alifika bwawani wa kwanza. Tundu lilikuwa wazi, jeusi. Barua ya kumwita fundi bomba ilikuwa imefika meza ya matukio usiku, ikakosa kibali. Nje ya geti palikuwa pamejaa akina mama na mabeseni na taulo, na kila mmoja alimsalimia kwa furaha.

“Mama Matangazo! Tulikuwa tumesitasita kuwaleta. Tulipokusikia wewe, tukasema basi.”

“Warudisheni,” alisema. “Jamani, warudisheni nyumbani. Wavu haupo.”

Wakamcheka. “Jana umesema, leo unakana? Mwacheni, ana uchungu wa mumewe.” Wakapita. Alimshika mmoja mkono, akamshika mwingine kanga, akasukumwa pembeni kwa heshima. Akaenda kusimama ukingoni, juu kabisa ya lile tundu, na kuogelea alikuwa hajui. Mke wa mlinzi wa bwawa, miaka yote hiyo, hajui hata kuelea.

Saa nne pampu ikawashwa ili maji yapendeze. Katika mzunguko wa tatu msichana mwenye kofia nyekundu akazama, hakuibuka. Mlinzi alikuwa ameshajirusha kabla mtu hajapiga kelele. Chini kule akamkumbatia mtoto, mikono ikapita. Akamkumbatia tena, ikapita. Mama Matangazo akaruka na gauni lake na viatu vyake, akashuka kama gunia la mchanga, akamng'oa mtoto kwa nguvu ambazo hakujua anazo, akauweka mgongo wake mwenyewe mahali pa ule mguu. Pampu ikamkamata. Kofia nyekundu ikapanda juu. Mumewe akabaki pale chini akimvuta mkewe kwa mikono isiyoshika kitu, mpaka hapakuwa na haja tena.

Mashindano yalisimama kwa dakika arobaini, kisha yakaendelea. Jumapili alizikwa, na shada likatoka.

Jumatatu saa mbili kasoro robo waliingia ofisini wawili, wote wanachuruzika. Mlinzi akabonyeza kidole chake, akampisha mkewe. Mama Matangazo alisimama mbele ya daftari. Alijua kabisa maana yake, si yeye aliyempigia mumewe magoti asisaini? Lakini studio haifunguliwi kwa asiyesaini, na sasa alikuwa na jambo la kusema ambalo hakuna awezaye tena kumfukuzia kazi. Akabonyeza. Karani akachora duara.

Fundi mitambo wa studio aliomba muda wa saa moja ya dharura hewani, akaipata. Akamwekea kiti, akaweka na ndoo chini yake. Mama Matangazo akakisogelea kipaza sauti.

“Bwawa halina wavu,” alisoma bila karatasi. “Halina mlinzi aliye hai. Nilichosoma Ijumaa ni uongo, na niliwaleta mimi. Msilete watoto.”

Fundi alikuwa anatazama mshale wa mtambo. Haukutikisika.

“Mama,” alisema, machozi yanamlengalenga, “mimi hapa nakusikia. Mtambo haukusikii.”

“Jaribu tena.”

Alibadilisha waya, akabadilisha kipaza sauti, akapandisha kila kitu mpaka mwisho. Mama Matangazo alisema tena, akapaza, akapiga ukelele ambao mfagizi aliusikia mpaka uani. Mshale ulilala. Mezambili akachungulia mlangoni, akamwamkia, akasema kwa kweli ameshukuru kumwona, kwa sababu walikuwa karibu kuitangaza nafasi yake.

Hewa haiachwi tupu, ndiyo amri ya studio. Fundi akafuta macho, akaweka rekodi ya mwisho yenye muhuri, ile ya Ijumaa, na sauti nzuri ikaenea kwenye maduka, jikoni na vibarazani: bwawa liko salama. Ilikuwa saa tatu kasoro, na watoto walikuwa wanapita chini ya dirisha, taulo mabegani, wakiwahi kufunguliwa kwa bwawa.