Malkia wa Mfano

Jina la Ufalme wa Shwari lilitolewa na wafalme wake, si na watu wake. Kila asubuhi bendera ilipopandishwa, aliyekuwa njiani alisimama wima hata kama ana ndoo ya maji kichwani, na wimbo ulipokwisha aliendelea na safari yake bila kumtazama jirani. Mfalme alikuwa mzee mpole aliyependa magwaride na usingizi wa mchana. Chini yake alikuwapo Waziri Mkuu, mpenda maneno. Na kando yake, ingawa wengine walinong'ona kuwa ni juu yake, alikuwapo Amiri wa Jeshi, ambaye hakuonekana kupenda kitu chochote. Ndiyo maana aliogopwa.

Utulivu ule ulidumu mpaka jeshi lilipochukua Bonde la Rangwe, bonde la mpunga lililolisha nusu ya mji, na kuligeuza uwanja wa shabaha. Wakulima waliambiwa ni kwa muda. Misimu ikapita, milio ya bunduki ikawa ndiyo jogoo wa mji. Watu hawakuandamana, kwa kuwa maandamano katika Shwari yalikuwa na jina moja tu, uhaini. Lakini hawakutulia. Mtu alipima mchele wa ng'ambo sokoni huku akisonya. Wazee waliacha bao katikati ya mchezo wakaenda kusimama barabarani, wasijue wanangoja nini. Na vijana wa sekondari wakaanza kuandika neno moja ukutani: BONDE. Likifutwa leo, kesho lipo.

Mfalme akaitisha baraza.

"Watoto hawa wana nini?" akauliza.

"Hawana uzalendo, Mtukufu," Amiri akajibu. "Samaki mkunje angali mbichi. Nipe wa kidato cha tano wakati wa likizo. Jeshi litafungua Kambi ya Uraia na Uongozi. Tutawalisha, tutawavisha, tutawafundisha kuipenda nchi."

Waziri Mkuu akakohoa. "Amiri, tangu lini jeshi likafundisha uraia?"

"Tangu walimu wenu walipoufanya kuwa somo la kukariri majina ya mawaziri."

Mfalme alicheka mpaka akajifuta macho. "Watavaa sare?"

"Sare ya kijani, Mtukufu. Na kofia."

"Basi sawa," akasema Mfalme, na baraza likavunjwa.

Miongoni mwa waliochaguliwa alikuwa Sikudhani, msichana wa miaka kumi na saba, mrefu, mwenye sauti ya kukwaruza ambayo darasani iliwafanya wenziwe wageuke. Mama yake, Bi Hidaya, alikuwa na majaruba yake ya mpunga kule bondeni kabla ya bendera nyekundu za jeshi kuchomekwa.

"Wamechukua shamba, sasa wanamtaka na mtoto?" Bi Hidaya akasema.

"Mama, wanaofaulu kambini wanapewa nafasi za chuo."

"Nenda. Lakini huko wakikupa la kusema, ulionje kwanza kabla hujalimeza."

Kambini mkufunzi wao alikuwa Sajini Mchopa, askari wa makamo aliyeamini kila alichofundisha. Alfajiri aliwapanga kwa sauti ya radi, "Mguu sawa! Nyuma geuka!" Baada ya chakula cha mchana aliketi nao chini ya turubai akawasomea kitabu cha mafunzo. Kitabu kile kiliandikwa zamani, na wakubwa waliokipiga muhuri hawakuwa wamekisoma. Sajini alikisoma. Kilisema kwamba raia si mgeni katika nchi yake. Kilisema kwamba kiongozi akiitwa huja, na akiulizwa hujibu, na kwamba hakuna aliye juu ya Baraza.

Ili wajifunze kwa vitendo, vijana waliambiwa waunde serikali ya mfano. Walipiga kura, Sikudhani akawa Malkia wa Mfano. Aliyemfuata, Chande, mtoto wa tajiri wa mabasi na fundi wa maneno matamu, akawa Waziri Mkuu wa Mfano. Sajini akatabasamu, akadhani ni mchezo tu utakaowachangamsha.

Kesi ya kwanza ilihusu uji. Ulikuwa hauna sukari, ilhali magunia ya sukari yalionekana yakishushwa. Baraza la Mfano likamwita mpishi mkuu. Alikuja akicheka. Malkia akamuuliza sukari inakwenda wapi, mpishi akaacha kucheka, na kesho yake uji ukawa mtamu. Habari zikavuka ua. Siku chache baadaye mwanamke mmoja alisimama langoni, amejifunga kanga kiunoni.

"Hapa ndipo kwenye Baraza linalojibu?"

"Mama, hilo ni la mfano tu," Sajini akamwambia.

"La kweli nimelingoja mpaka mvi zimeniota. Nipe hilo la mfano."

Wakamsikiliza. Alikuwa anagombania mpaka wa kiwanja na diwani. Vijana wakamwita diwani, naye akaja, kwa kuwa wito uliotoka kambi ya jeshi si wa kupuuzwa. Kuanzia hapo lango halikukauka watu. Walikuja na mashauri ya visima, ya ndoa, ya mabati ya shule yaliyoishia paa la mtu. Walisimama juani, wakisukumana, wakitazama nyuma yao kila mara.

Kisha wakaja wakulima wa Rangwe. Bi Hidaya alikuwa mbele, na hakumwita mwanawe kwa jina.

"Mtukufu Malkia wa Mfano," alisema, "tunataka kujua ni nani aliyechukua bonde letu, na lini atalirudisha."

Chande akamwinamia Sikudhani sikioni. "Liahirishe. Hili si la uji."

Sikudhani akamgeukia mkufunzi wao. "Afande, kitabu kinasema Baraza laweza kumwita mtu yeyote?"

Sajini alitazama viatu vyake. "Kinasema hivyo."

"Na wewe unasemaje?"

"Mimi ndiye niliyekufundisha," Sajini akajibu.

Wakamwita Amiri wa Jeshi.

Kila mtu alidhani kambi itavunjwa siku ile ile. Badala yake Amiri alikuja mwenyewe, bila walinzi, akiwa na wapiga picha wa jeshi. Alivua kofia, akaketi kwenye kistuli cha wanafunzi, magoti yakamfika kifuani. Nje ya ua watu walibanana hata nguzo zikalia.

"Amiri, nani alichukua Bonde la Rangwe?" Sikudhani akauliza.

"Jeshi."

"Kwa ridhaa ya wenyewe?"

"Kwa amri ya Mfalme." Alilitamka polepole ili lifike mpaka uani. "Askari hana shamba, binti yangu. Askari ana amri. Mimi ningependa kuwarudishia hata leo."

Maneno yale yalipita ua, yakatoka lango, yakashika barabara ya mjini. Kwa amri ya Mfalme! Waziri Mkuu alipoyasikia alishika kichwa. Alikuwapo siku Amiri alipoliomba bonde, na aliona Mfalme akitia muhuri huku akisinzia. Lakini kwa kuwa maisha yake yote alisema mengi, hakukuwa na mtu wa kumsikiliza alipotaka kusema hilo moja.

Kabla hajaondoka, Amiri alimwita Sikudhani pembeni.

"Unajua jina lako liko kinywani mwa mji mzima? Waongoze watu mpaka ikulu. Muulize Mfalme, naye ajibu kama nilivyojibu mimi. Askari wangu hawatamgusa mtu."

"Kwa nini unanisaidia?"

"Mimi ndiye mlezi wa kambi hii. Mlezi hufurahi mwanawe akisimama."

Sikudhani hakupata raha. Aliizunguka kambi, akakaa, akainuka tena. Aliuonja utamu wa maneno yale na akaujua kuwa ni wa kupikwa. Lakini alimkumbuka mama yake alivyosimama langoni kama mgeni, akimwita Mtukufu. Akasema atakwenda.

Walikwenda, sare za kijani mbele, wakulima nyuma, mji mzima ukifuata. Milango ya ikulu ilifunguka kabla haijasukumwa. Mfalme alitokea barazani akiwa na ndara miguuni, ameamshwa usingizini.

"Gwaride gani hili?" akauliza. "Sikuambiwa."

"Mtukufu, tumekuja kuuliza habari za Bonde," Sikudhani akasema.

Mfalme alimtafuta Amiri kwa macho. "Bonde gani?"

Umati ukanguruma. Sikudhani, aliyesimama karibu, aliona jambo ambalo wa nyuma hawakuliona: mzee hakuwa akidanganya, alikuwa hakumbuki. Alitaka kugeuka awaambie watu wangoje. Sauti yake haikusikika. Askari walikwisha kumshika Mfalme mikono, kwa usalama wake, wakamwingiza ndani na kumtoa kwa mlango mwingine. Jioni redio ilitangaza kwamba Amiri amekubali kuwa Mlezi wa Taifa mpaka hali itulie.

Juma lililofuata Sikudhani aliitwa kwenye Baraza, lile la kweli. Kiti chenye mto mwekundu kilikuwa kimewekwa kwa ajili yake, na jina la cheo: Waziri wa Vijana. Hakukikalia.

"Mlezi wa Taifa, Bonde linarudishwa lini?"

"Taifa liko katika kipindi nyeti," Amiri akasema. "Jeshi linahitaji shabaha kuliko wakati wowote."

"Ulisema ungependa kulirudisha."

"Ningependa. Ndivyo nilivyosema, ningependa."

"Ulisema ni amri ya Mfalme."

"Na Mfalme hayupo. Sasa nani ataitengua?"

Mawaziri wakacheka. Waziri Mkuu, aliyeachiwa kiti chake, alicheka wa mwisho. Sikudhani alivua kofia ya kijani, akaiweka mezani, akatoka. Kabla hajafika getini, Chande alikwisha kukaa kwenye mto mwekundu.

Alimkuta mama yake nyuma ya nyumba, ameinamia kitalu cha mpunga, anang'oa miche na kuifunga matita.

"Mama, mimi ndiye niliyemfungulia mlango," Sikudhani akasema, na machozi yakamtoka.

"Ulimfungulia. Na mimi nilikuwa nyuma yako, nikisukuma." Bi Hidaya hakuinua kichwa. "Mvua imeshuka. Kesho naingia bondeni."

"Watapiga risasi!"

"Nikikaa hapa nitakufa kwa mchele wa ng'ambo. Shika tita hilo."

Waliingia bondeni asubuhi, wakulima na vijana kadhaa waliotoroka kambini. Walizipita bendera nyekundu, wakaanza kupanda katikati ya shabaha za mbao zilizotobolewa. Haikuchukua muda Sajini Mchopa akatokea na askari wake, bunduki mabegani.

"Ondokeni! Leo ni siku ya shabaha!"

Hakuna aliyeinuka. Sajini akashuka mpaka ukingo wa jaruba.

"Sikudhani, nimepewa amri."

"Afande, kitabu kinasema raia si mgeni katika nchi yake. Ulitusomea wewe."

Sajini aliwatazama askari wake, karibu wote wa umri wa watoto wale. Akatazama migongo iliyoinama. Kisha akaamuru bendera nyekundu ishushwe.

"Leo mimi ndiye niliyekuja," akamwambia kwa sauti ya chini. "Kesho ataletwa asiyewajua. Pandeni upesi."

Walipanda upesi. Wakarudi kesho yake, na safari hii watu wa mjini walikuja nao, wengine hawajawahi kukanyaga tope maishani mwao. Sajini hakuonekana, ilisemekana amevuliwa cheo na kuwekwa ndani. Juu kwenye kilima walijipanga askari wengi, wakiongozwa na afisa mgeni aliyekuwa akitazama saa na kungoja neno kutoka ikulu. Watu walipanda huku shingo zikiwasisimka. Sikudhani alijikuta akipanda miche miwili shimo moja, akaing'oa, akaipanda upya.

Neno lilipofika, lililetwa na mpiga mbiu aliyeshuka mtelemko na kipaza sauti, viatu vyake vikizama.

"Kwa amri ya Mlezi wa Taifa!" akasoma. "Kambi ya Uraia na Uongozi imefungwa tangu leo. Somo la uraia limeondolewa katika shule zote za ufalme. Aliye na kitabu akirudishe."

Bi Hidaya aliunyoosha mgongo taratibu, mkono kiunoni.

"Na shamba?"

Mpiga mbiu aliigeuza karatasi, akaangalia na nyuma yake.

"Shamba halikutajwa."

"Basi sogea, baba," Bi Hidaya akasema. "Unakanyaga miche."